Nani Alifungua Pazia? Siku Sita Kwenye Njia ya Vodevili

Siku ya 1: Boston

Baba yangu alikuwa mchekeshaji wa jukwaani, miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, katika kikundi kidogo kilichozunguka kumbi na baa za Dar es Salaam. Waliokuwapo enzi hizo wanakumbuka usiku wa burudani ulivyopangwa: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, ngonjera, halafu taarab mpaka akina mama wamalize noti za kutunza. Makundi makubwa kama Muungano na TOT ndiyo yaliyojaza watu, lakini hata vikundi vidogo kama cha baba vilifuata mpangilio uleule. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua. Watu wakiwa bado wanatafuta viti na kuagiza soda, yeye yuko juu tayari, masizi ya sufuria usoni, suruali imefungwa kamba. Kabla ya kupanda alikuwa na desturi moja: analipima jukwaa kwa hatua, ukingo hadi ukingo, akihesabu kimoyomoyo.

Nilipomwambia kwamba nakwenda Marekani kufuata njia ya vodevili, hakuuliza nauli wala baridi. Aliuliza, "Na huko nani alikuwa anafungua?"

Vodevili ndiyo iliyokuwa burudani kuu ya Wamarekani kuanzia miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa tiketi moja ulipata wasanii wanane au tisa wasiohusiana kwa lolote: mwimbaji, mbwa waliofunzwa, watu wawili wanaotaniana, mcheza dansi, mfanya mazingaombwe, igizo la dakika ishirini. Wiki ikiisha wanafunga masanduku na kupanda treni kwenda mji mwingine, na wengine wanaingia mahali pao. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliona ule usiku wa baba, isipokuwa umetandazwa nchi nzima.

Nimeanzia Boston, mtaa wa Washington, kwa sababu hapa ndipo Benjamin Franklin Keith alipofungua chumba cha maajabu mwaka 1883. Mwaka 1885 akaanzisha maonyesho mfululizo. Watu waliingia muda wowote kuanzia asubuhi hadi usiku, wakatazama mzunguko mzima, wakatoka wapendapo. Kwa hiyo ukumbi haukuonekana mtupu, na mpita njia aliyesikia kicheko ndani alishawishika kuingia.

Jambo lake la pili lilikuwa usafi wa lugha. Kumbi za kabla yake zilikuwa za wanaume, bia na matusi. Keith alitaka mama aje na mwanawe mchana, na nyuma ya jukwaa akabandika onyo: neno lisilofaa hata moja, mkataba umekatika. Hata maneno ambayo leo mtoto wa shule angeyasema bila kukemewa yalikuwa kwenye orodha yake. Wasanii wakaiita kazi yake njia ya shule ya Jumapili. Nadhani ukali ule, pamoja na uonevu wake, uliwafundisha kitu. Mchekeshaji aliyenyimwa tusi hulazimika kutafuta mzaha wenyewe ulipo: kwenye uso, kwenye kimya, kwenye namna ya kukaa kitini.

Mtaa huohuo lipo jumba ambalo mwenzake wa biashara, Edward Albee, alilijenga kwa kumbukumbu yake na kulifungua Oktoba 1928. Marumaru, dhahabu, vioo, taa za kuning'inia. Keith alikuwa amekufa tangu 1914. Mwaka huohuo wa 1928 kampuni yao iliunganishwa na watu wa redio na sinema ikawa RKO, na filamu zenye sauti zilikuwa zimeshaanza kujaza kumbi. Nilisimama kwenye ngazi za mbele nikiwaza wasanii waliopita hapa mara ya kwanza, wakiona marumaru ile na kuamini kazi yao itadumu miaka mia.

Siku ya 2: New York

Treni ya asubuhi, masaa manne. Nimeweka mzigo, nikaenda moja kwa moja mtaa wa 14.

Pembeni ya Irving Place sasa lipo jengo la kampuni ya umeme. Hapo palikuwa na Tammany Hall, jengo la wanasiasa wa mji, na ndani yake, tangu Oktoba 1881, ukumbi wa Tony Pastor. Huyu alikuwa mwimbaji wa sarakasi aliyegundua kabla ya Keith kwamba ukiwapata wanawake, umepata familia nzima. Aliwapa zawadi mlangoni: magunia ya unga na ya makaa, hata cherehani. Hakuna kilichobaki ukutani cha kumkumbuka. Nilikaa pale mpaka mlinzi akanitazama mara mbili.

Jioni nilikwenda Palace, kona ya Seventh Avenue na mtaa wa 47. Ulifunguliwa Machi 1913, na kwa karibu miaka ishirini hapakuwa na jukwaa la juu kuliko hilo. Msanii angeweza kuzunguka vijiji na miji miaka kumi na tano akingojea jambo moja tu, kuitwa Palace. Leo ukumbi wenyewe umenyanyuliwa. Mwaka 2022 mafundi waliuinua mzimamzima, na kuta na mapambo yake, kama mita tisa juu, ili chini yake pawe maduka. Mlango sasa uko upande wa mtaa wa 47.

Hapa ndipo nilipopata jibu la baba. Mpangaji wa vipindi wa Palace, George Gottlieb, alieleza namna ya kupanga usiku wa watu tisa. Wa kwanza asiwe mtu wa maneno. Awe mwanasarakasi, mcheza dansi au mwenye wanyama, kwa sababu watu bado wanaingia na viti vinagonga, na maneno yatapotea. Wa pili awatulize. Wa tatu awe igizo, la kuwaamsha. Anayetangulia mapumziko awe na uzito wa kuwapa watu la kuzungumza nje. Nyota mkubwa ni wa nane. Wa tisa naye ni wa kutazamwa bila maneno, sarakasi au picha, wakati watu wanachukua kofia.

Nilimpigia baba saa ileile ingawa kwake kulikuwa kunakaribia alfajiri. Nikamsomea mpangilio wote. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo walijua. Walijua kwamba wa kwanza hasikiki." Alikuwa akiongea kwenye kelele zile miaka tisa, akidhani kosa ni la sauti yake.

Kuna mengine kuhusu Palace ambayo hayakunipendeza. Albee na wenzake waliunda ofisi ya pamoja ya mikataba mwaka 1906, na bila ofisi hiyo msanii hakupata kumbi kubwa za mashariki. Ofisi ilikata asilimia yake kwenye kila mshahara. Wasanii waliunda chama, wakagoma mwaka 1901 na tena mwaka 1916 hadi 1917, wakashindwa mara zote mbili, na waliogoma wakaingia kwenye orodha ya wasioajirika. Tunapowasifu mabwana hawa kwa kujenga burudani ya taifa, na hilo tulikumbuke.

Novemba 1932 Palace ikageuzwa kuwa ya sinema. Watu wengi huuhesabu mwezi huo kama mwisho wa vodevili.

Siku ya 3: Bronx

Treni namba 4 hadi kituo cha mwisho, Woodlawn. Makaburi yako hapohapo ukitoka. Ni makubwa kama shamba la mkonge, yenye vilima na miti mirefu, na ndani yake wamelala Duke Ellington, Irving Berlin, George M. Cohan aliyeanza jukwaani utotoni na wazazi na dada yake, na Florence Mills, ambaye siku ya maziko yake mwaka 1927 Harlem yote ilitoka barabarani. Mimi nilikuwa namtafuta mmoja.

Bert Williams alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874, akaletwa Marekani mtoto. Mwaka 1893 huko San Francisco akakutana na George Walker, kijana wa Kansas. Wakati ule wazungu walikuwa wakijipaka kizibo cha chupa kilichochomwa, wakiigiza watu weusi kwa kejeli, na ndiyo iliyokuwa biashara kubwa. Wale wawili wakafikiri hivi: kama watu wanalipa kuona nakala, tuwape asili. Walker akawa mtanashati mwenye fimbo na viatu vya kung'aa. Williams akawa mzito, mwenye bahati mbaya, asiyeelewa kwa nini dunia inamfuata yeye tu. Lakini hadhira ilishazoea picha fulani, na Williams, mtu mweusi mwenye rangi ya maji ya kunde, akaanza naye kujipaka kizibo. Hakuacha mpaka kufa.

Mwaka 1903 wakapeleka Broadway igizo lao la muziki, *In Dahomey*, kazi ndefu ya kwanza iliyoandikwa na kuigizwa na watu weusi kwenye jukwaa kubwa la huko. Wakavuka nayo hadi London, na Juni mwaka huo wakaitwa kuonyesha Buckingham Palace. Walker alikufa mwaka 1911. Williams tayari alikuwa ameingia mwaka 1910 kwenye maonyesho makubwa ya Broadway ya mtayarishaji Ziegfeld, mweusi peke yake kati ya nyota weupe, na humo alikaa karibu miaka kumi.

Kuna filamu fupi ya mwaka 1916 ambamo anacheza karata peke yake, bila karata na bila wenzake. Kwa uso na vidole tu unawaona watu wote wa mezani: anayeficha furaha, anayejikaza, na yeye mwenyewe anayeona pesa zikienda. Niliitazama hotelini mara tano. Baba alikuwa na kitu kama hicho, mtu anayesubiri basi lisilokuja. Hawakuwahi kuonana wala kusikiana, na bado bega linashuka vilevile.

Mchekeshaji W. C. Fields alimwita Williams mtu mcheshi kuliko wote aliopata kuwaona, na mwenye huzuni kuliko wote aliopata kuwajua. Williams mwenyewe aliandika mwaka 1918 kwamba hajawahi kugundua aibu yoyote katika kuwa mtu mweusi, ila mara nyingi ameona kwamba ni usumbufu, akiwa Marekani. Eddie Cantor, aliyecheza naye, alisimulia kwamba usiku mmoja baada ya onyesho Williams alikuwa akirudi hotelini, ambako alitakiwa kupita lifti ya nyuma. Alisema lisingemuuma sana kama asingekuwa bado anasikia makofi masikioni.

Wapo wanaosema kizibo kile kilimpa uhuru, kwamba nyuma ya barakoa aliweza kuwa mtu mwingine, na yeye mwenyewe aliandika maneno yanayokaribia hayo. Nawaelewa, maana baba naye husema alikuwa jasiri akishapaka masizi. Lakini baba, masizi aliyachagua. Akimaliza alijisugua kwa mafuta ya nazi nyuma ya ukumbi, akatoka kwa mlango ule ambao watazamaji walitokea, na watu wakamshika mkono. Barakoa ambayo huruhusiwi kuingia kazini bila kuivaa haina uhuru huo.

Mwishoni mwa Februari 1922 alianguka jukwaani Detroit. Watazamaji walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Akafa New York Machi 4, akiwa na miaka 47.

Nilisimama kaburini kama nusu saa. Upepo ulikuwa mkali. Nilisoma Fatiha kwa sauti ndogo, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya kwa mtu niliyemheshimu.

Siku ya 4: ndani ya treni ya Crescent

New York hadi Birmingham ni kama kilomita 1,600, mchana mmoja na usiku mmoja. Kitini nimekaa vizuri, nina mkate na chai.

Reli hii ndiyo iliyoitengeneza vodevili. Bila treni ya uhakika usingeweza kumpeleka mtu Jumapili kutoka mji mmoja na kumtaka jukwaani Jumatatu mchana katika mji mwingine. Na mwendo ule ndio uliowafanya wawe bora. Msanii alikuwa na dakika kumi na mbili au kumi na tano za mchezo wake, akazirudia mara mbili au zaidi kwa siku, mwaka baada ya mwaka, mbele ya wachimba migodi leo na makarani kesho. Alijua mzaha upi unachelewa, na nyusi inapandishwa lini.

Ndiyo maana sinema, redio na televisheni zilipokuja ziliwakuta watu walio tayari. Buster Keaton alikulia jukwaani. Baba yake alimrusha huku na huku, na kwenye nguo za mtoto walishona mshikio wa sanduku ili ashikike vizuri. Charlie Chaplin alizunguka Marekani na kundi la Fred Karno kabla ya kuitwa kwenye filamu mwishoni mwa 1913. George Burns na Gracie Allen, Jack Benny, Bob Hope, Mae West, ndugu wa Marx, wote walitoka humu. Redio iliwapa pesa, lakini ikawatesa kwa namna mpya: mzaha uliomlisha mtu miaka kumi ulisikika na nchi nzima usiku mmoja, na wiki iliyofuata ulitakiwa mwingine.

Mpangilio wenyewe nao haukufa. Onyesho la televisheni la Ed Sullivan, 1948 hadi 1971, lilikuwa vodevili tupu kila Jumapili. Usiku wa Februari 9, 1964, Wamarekani wapatao milioni 73 walipowatazama Beatles, katikati kulikuwa na mfanya mazingaombwe na wachekeshaji, na waliofunga kipindi baada ya Beatles walikuwa wanasarakasi. Hili nimemwandikia baba kwa ujumbe. Amejibu kwa neno moja: "Sarakasi!"

Nje ni giza. Tumepita Washington, sasa ni misitu tu.

Siku ya 5: Birmingham, Alabama

Nimefika mchana. Ukumbi wa Lyric uko Third Avenue North, kona ya mtaa wa 18. Ulijengwa kwa ajili ya vodevili na kufunguliwa Januari 1914, ukafungwa miaka mingi, ukaachwa kwa njiwa na maji ya mvua, ukakarabatiwa na kufunguliwa tena Januari 2016. Mae West na ndugu wa Marx walipita humu.

Niliruhusiwa kukaa ndani dakika chache, viti vya chini. Ukumbi ni wa kina kifupi na wima, ili sauti isiyo na kipaza ifike. Nilipiga kofi moja. Likarudi safi. Halafu nikatazama juu kabisa, roshani ya mwisho, ile iliyokuwa ya watu weusi. Hapa, tofauti na kumbi nyingi za Kusini, waliona onyesho lilelile saa ileile na kwa bei ileile na wazungu. Ila mlango ulikuwa mbali, pembeni, na hawakuonana nao kwenye ngazi.

Mlango huo wameuacha. Kwenye kioo yameandikwa maneno kuonyesha kwamba hapa palikuwa pa kuingilia watu weusi. Wengine mjini walitaka uondolewe. Mimi nashukuru umebaki. Nilimkuta hapo bibi mmoja mweusi amebeba mfuko wa sokoni, akaniona nimeduwaa, akasema mama yake alipitia hapo akiwa msichana. Nikamuuliza alikuja kuona nini. Akasema hakuwahi kumwambia alichokiona. Alimwambia tu kuhusu ngazi.

Nimeandika hilo hapa ili nisilisahau.

Siku ya 6: Chattanooga, Tennessee

Basi la asubuhi; saa zinasogezwa mbele kwa moja.

Watu weusi walipofungiwa kumbi kubwa, au kukubaliwa mmojammoja tu, ulianzishwa mwaka 1920 muungano wa wenye kumbi za watu weusi, Kusini na katikati ya nchi. Kwa kifupi uliitwa T.O.B.A., Theatre Owners Booking Association. Meneja wake, Sam Reevin, alikaa hapahapa Chattanooga, akiandika mikataba ya wiki kwa wiki. Wasanii waliokuwa wakijilipia nauli kutoka mji hadi mji, wakalala walipopata, waliipa herufi zile maana yao: Tough on Black Artists, yaani kazi ngumu kwa wasanii weusi. Mimi niliyesoma herufi zilezile kwa macho ya Kiswahili sikuweza kuziona kwa namna nyingine. Toba. Ndilo neno ambalo bibi yangu alilitamka kila alipoona mateso yasiyosemeka.

Na katika njia hiyo ya toba ndimo walimotoka Ma Rainey, Ethel Waters, Moms Mabley aliyeendelea kuchekesha hadi miaka ya sabini, Count Basie akiwa kijana kwenye piano, na mwimbaji Bessie Smith.

Bessie ni wa hapa. Mtaa wa Ninth, sasa Martin Luther King, ndio alioimba na kucheza mtoto, kaka yake akipiga gitaa, kwa senti za wapita njia. Mwaka 1912 alichukuliwa na kundi la kuzunguka ambamo Ma Rainey alikuwa tayari ni mwimbaji. Bessie aliajiriwa kama mcheza dansi. Miaka kumi na moja baadaye rekodi yake ya kwanza iliuzwa nakala laki kadhaa, na mwaka 1925 akanunua behewa lake mwenyewe la treni, la kulala yeye na kundi lake zima, ili wasibishe hodi kwenye hoteli ambazo zingewafukuza. Kati ya yote niliyoyaona na kuyasikia wiki hii, behewa lile ndilo ninalolirudia. Angeweza kununua kito au nyumba kubwa, lakini alinunua mahali ambapo wasichana wake wa dansi wangelala bila kuogopa.

Makumbusho yenye jina lake yako kwenye mtaa huohuo. Nilitoka nje baada ya saa moja na nusu nikampigia baba.

Nikamweleza: hapa ninaposimama ndipo alipoanzia, hapa pembeni ya barabara.

"Upana wake?" akauliza.

"Upana wa nini, baba?"

"Hapo aliposimama. Ukuta hadi barabara. Pima."

Nikaweka simu sikioni nikapima, kisigino kwa hatua, watu wakinipisha. Nikamwambia hatua saba na nusu.

Nilimsikia akihesabu taratibu, kama zamani.

"Zinatosha," akasema.